"Weird": kivumishi kilichoanza kama jina la majaaliwa

Nikiwa kidato cha pili niliandika insha ya Kiingereza kuhusu ndoto, na ndani yake nikaweka neno "wierd" mara tatu. Daftari liliporudi, yote matatu yalikuwa yamezungushiwa wino mwekundu. Nikaenda kulalamika mezani kwa mwalimu, maana ni yeye aliyetuimbisha kwamba i hutangulia e isipokuwa baada ya c. Akanitazama, akasema, "Hilo halifuati sheria. Likariri tu." Nikalikariri. Miaka mingi baadaye ndipo nilipojua kwamba hakuna mzembe aliyevunja sheria hapo. Neno lenyewe liliingia Kiingereza cha London kwa mlango wa kaskazini, likiwa limeshavaa nguo za huko.

Leo "weird" ni kivumishi cha kitu kisichokaa sawa. Harufu isiyojulikana inatoka wapi kwenye friji, jirani anayesimulia kuku wake habari za jana, ujumbe wa saa nane usiku kutoka kwa mtu mliyeachana miaka mitano iliyopita. Sisi tungesema ni cha ajabu, au kwamba kimekaa kimtindomtindo. Lakini rudi nyuma miaka elfu moja, hukuti kivumishi wala hukuti ajabu. Unakuta nomino, huandikwa wyrd, na maana yake ni lile litakalompata mtu, atake asitake.

Mahali pazuri pa kuikuta ni kwenye Beowulf, shairi refu la Kiingereza cha kale ambalo tunalo katika nakala moja tu ya mkono, ya karibu mwaka 1000, iliyonusurika moto mjini London mwaka 1731 ikiwa imeungua kingo. Shujaa yuko ukumbini mwa mfalme wa Wadenmark. Usiku huohuo atapambana na zimwi Grendel. Anatoa wasia mfupi: nikifa, deraya hii ya kifuani mpelekeeni bwana wangu Hygelac. Halafu anafunga maneno yake hivi: Gæð a wyrd swa hio scel. Neno kwa neno ni kwamba wyrd huenda daima kama inavyoilazimu kwenda. Mimi nikiambiwa niitafsiri sitahangaika sana. Liwalo na liwe.

Tafadhali tusiipite haraka methali hii yetu, kwa sababu imebeba nusu ya makala. "Liwalo" limejengwa juu ya kuwa. Ni neno lile ambalo linakuwa, jambo lililo njiani kutokea. Hatukutumia mungu wala nyota, tumechukua kitenzi cha kawaida kuliko vyote tukakifanya kiseme majaaliwa. Mwingereza wa kale alifanya vilevile hasa. Alikuwa na kitenzi weorthan, kuwa, kugeuka kuwa, na kutoka humo akachonga wyrd. Kwa hiyo wyrd ni liwalo.

Nimekiandika kitenzi hicho kwa th ili kisomeke, ingawa waandishi wa wakati huo walikuwa na herufi yao ya sauti hiyo. Kitenzi chenyewe kimekufa Uingereza. Ukitaka kuona mifupa yake fungua Biblia ya King James ya 1611, Ezekieli 30:2, ambako nabii anaambiwa apige yowe la "Woe worth the day". Hilo "worth" halihusu thamani. Ni weorthan, na maana yake ni ole na iwe kwa siku hiyo. Baada ya hapo Kiingereza kikaishi kwa kuazimaazima: become, get, grow, turn. Lakini ndugu za kitenzi hicho wako hai. Mjerumani hutumia werden kutwa nzima bila kujua anakitumia, Mholanzi husema worden, Mwaisilandi husema verða.

Hapa niweke jambo moja sawa, maana linachanganya. Nitakaposema Kigermaniki huko mbele, sitakuwa nasema Kijerumani. Kijerumani cha Berlin ni mjukuu mmoja tu, pamoja na Kiingereza, Kiholanzi, Kiswidi na wengine. Kigermaniki ni bibi yao, aliyesemwa kaskazini mwa Ulaya zaidi ya miaka 2000 iliyopita. Hakuacha vitabu. Sura yake tunaijenga kwa kuwapanga wajukuu mstari mmoja na kutazama pua na masikio, kama vile wataalamu wanavyopanga Kiswahili, Kikongo na Kizulu kutafuta bibi wa Wabantu.

Sasa swali la mtu makini: kama nomino imetoka kwenye kitenzi weorthan, ile d ya mwisho wa wyrd imetoka wapi? Mswahili ndiye mtu wa mwisho kushangaa. Tunasema penda lakini mpenzi, linda lakini mlinzi, fuata lakini mfuasi. Konsonanti ya mwisho wa shina hubadilika nomino inapozaliwa, nasi hatuoni kitu kwa sababu tulilelewa humo. Kwetu kinachoisukuma ni ile i ya mwisho. Kwao ilikuwa mkazo wa sauti.

Sikiliza mkazo wa Kiswahili unavyohama: katika "pika" uko juu ya pi, katika "pikia" umeshahamia ki. Katika lugha ya mababu wa Kigermaniki nako mkazo ulihamahama. Kwenye kitenzi ulikaa juu ya shina, kabla ya konsonanti yetu, na konsonanti ikabaki th, kama ya "thelathini". Kwenye nomino ulikaa juu ya kiambishi cha mwisho, baada ya konsonanti, na konsonanti ikalegea ikawa dh, kama ya "dhahabu". Kisha katika tawi la magharibi la Kigermaniki, lililozaa Kiingereza, dh hiyo ikakomaa kuwa d. Aliyekifumbua kitendawili hiki ni Mdenmark, Karl Verner, katika miaka ya 1870. Kabla yake watu walikuwa na kanuni ya Jacob Grimm ya mwaka 1822, huyuhuyu wa ndugu wawili waliokusanya ngano, inayosema kwamba t ya Kilatini hujibiwa na th ya Kigermaniki. Ndiyo maana tres ya Kilatini, tatu, kwa Kiingereza ni three, na tu, wewe, ni thou. Kanuni ilikuwa nzuri, ila ilivuja hapa na pale, na Verner ndiye aliyeziba matundu.

Irabu nayo ina kisa chake. Zamani nomino ilikuwa na u ndani na i mwishoni, kitu kama wurdi. Ile i ikaivuta u ije mbele mdomoni, ikawa y, sauti ya u inayotamkwa midomo ikiwa imebinuka kama ya kupiga mbinja. Kisha i yenyewe ikadondoka, ikaacha alama ya vidole tu. Mvuto huohuo ndio uliozaa foot na feet, mouse na mice. Nasi tunao wa kwetu, ila wetu huvuta kwa upande mwingine: pika hutoa pikia, lakini soma hutoa somea, kwa sababu irabu ya shina huifinyanga inayofuata.

Tukiendelea kuchimba chini ya Kigermaniki tunafika kwenye mzizi wa Kihindi-Kiulaya, lugha mama ya lugha nyingi za Ulaya na India. Mzizi huo ni wert, na maana yake ni kugeuka. Kilatini kilitoa humo vertere, kugeuza. Na hapa ndipo mwanafunzi wa Kizungu hukwama akiuliza kugeuka kunahusiana nini na kuwa. Mtoto wa Kiswahili hakwami. Amesimuliwa tangu utotoni kwamba binti yule akageuka nyoka, maji yakageuka damu, na hakuwahi kufikiri kwamba nyoka alizunguka nyuma kutazama. Kugeuka ni kuwa kitu kingine. Kutoka kugeuka tukafika kuwa, kutoka kuwa tukafika liwalo.

Mzizi huo una uzao mwingi, lakini nataka mkumbuke mtoto mmoja tu, kiambishi cha Kiingereza -ward, kilichomo katika toward na homeward, maana yake aliyegeukia upande fulani. Tutamkuta tena mbele, mahali pasipotarajiwa.

Katika lugha ya kale ya Norwei na Aisilandi, dada yake wyrd aliitwa urðr, na huko alipata umbo la mtu. Shairi la Völuspá, lililohifadhiwa katika kitabu cha mkono cha Aisilandi cha karne ya 13, linataja wanawake watatu wanaokaa kando ya kisima chini ya mti mkuu na kuwapangia watu maisha. Wa kwanza ni Urðr. Wa pili ni Verðandi, neno ambalo ni kitenzi kilekile verða katika hali ya kuendelea, yaani linalokuwa sasa. Wa tatu ni Skuld, ndugu wa shall ya Kiingereza, na kwa watu wa huko skuld ni deni, kitu usichokwepa kukilipa.

Mtandaoni utakuta watu wengi walioshika habari hizi na kuzifanya dini nzima, eti Waingereza wa kale waliamini utando mkubwa wa wyrd unaounganisha kila kiumbe. Mimi nasema tupunguze kasi. Maandishi ya Kiingereza cha kale tuliyo nayo yaliandikwa na Wakristo, wengi wao watawa, na mara nyingi wyrd humo ni tukio tu, jambo lililotokea. Ni kweli kwamba orodha za maneno za karne ya 8 hulitumia katika umbo la wingi, wyrde, kufasiri Parcae, wale wanawake watatu wa Warumi wasokotao na kukata uzi wa uhai. Lakini hapo ni mtawa anayetafuta neno la karibu la kufasiri Kilatini, kama sisi tunavyotafuta neno la kufasiri mikataba. Mwishoni mwa karne ya 9, katika kitabu cha Boethius, mwanafalsafa wa Kirumi, kilichotafsiriwa kwa Kiingereza na kuhusishwa na Mfalme Alfred, wyrd imewekwa chini ya Mungu kabisa: mpango uko kwa Mungu, wyrd ni utekelezaji wake. Mwislamu wa pwani akisoma kurasa zile atadhani anasoma habari za kadari.

Walipokuja Wanormani, watawala wapya waliosema Kifaransa, mwaka 1066, maneno ya Kifaransa yakaanza kukaa viti vya mbele. Destiny na fortune yakachukua kazi ya wyrd mahakamani, kanisani na kwenye mashairi ya watu wa mjini. Mshairi Chaucer, mwishoni mwa karne ya 14, bado analitumia, lakini mahali pamoja anajikuta akilifasiri kwa destiny, na neno likishahitaji kufasiriwa na mwenzake ujue linaaga. Kusini mwa Uingereza lilififia hivyo.

Kaskazini halikufa. Huko Uskoti liliendelea kuwa neno la kawaida la fungu la mtu. Mpaka leo Mskoti anaweza kusema mtu hana budi "dree his weird", yaani avumilie alichoandikiwa. Na Waskoti walikuwa na desturi yao ya tahajia: waliweka i nyuma ya irabu kuonyesha kwamba irabu hiyo inavutwa. Kichwa kwao ni heid, aliyekufa ni deid. Basi weird ni e ndefu tu, imewekewa alama yake ya kuvutwa. Wimbo wa mwalimu wangu ulitungwa kwa ajili ya tahajia ya kusini, nalo neno ni la kaskazini.

Lilirudije London? Kwa hadithi moja ya Macbeth, mfalme wa zamani wa Uskoti, iliyopokezanwa mkono kwa mkono kama moto wa kuazima. Karibu mwaka 1420, Andrew wa Wyntoun, mtawa wa Uskoti, anaandika historia ya nchi yake kwa ushairi na kusema Macbeth aliota ndoto akawaona wanawake watatu, akawadhania ni "werd systrys", dada wa majaaliwa. Mwaka 1527 Hector Boece anaiandika habari hiyo kwa Kilatini. Miaka ya 1530 John Bellenden anaigeuza Kiskoti, na "weird" inarudi. Mwaka 1577 Raphael Holinshed anachapisha London kitabu chake kikubwa cha historia na kulibakiza neno, lakini anawaonea huruma wasomaji wake wa kusini, anawaeleza: yaani miungu wa kike wa majaaliwa, au pengine majini fulani. Umeiona hiyo "au pengine"? Hapo ndipo nyufa zilipoanzia. Na toleo la pili la kitabu hicho, la 1587, ndilo lililokuwa mezani kwa Shakespeare.

Mchezo wa Macbeth uliandikwa karibu mwaka 1606, miaka mitatu baada ya mfalme wa Uskoti, James, kurithi kiti cha Uingereza. Wanawake watatu wanaitwa weird mara sita. Lakini ukifungua kitabu cha kwanza kilichokusanya michezo ya Shakespeare, cha mwaka 1623, hulikuti "weird" hata mara moja. Umeandikiwa weyward mara tatu na weyard mara tatu. Lewis Theobald, mhariri wa karne iliyofuata, ndiye aliyeshika kitabu cha Holinshed mkono mmoja na mchezo mkono wa pili, na katika toleo lake la 1733 akarudisha weird.

Wengi huliita weyward kosa la mtu wa London asiyelijua neno la Kiskoti, aliyeandika kitu kilichofanana na wayward, yaani mkaidi, asiyeshika njia. Huenda. Lakini tazama wayward limetengenezwa na nini. Ni away, mbali, na kile kiambishi -ward nilichowaambia mkikumbuke, aliyegeukia upande fulani. Mzizi wake ni uleule wert. Aliyekosea, kama alikosea, alilitoa neno nyumbani akaleta binamu yake, na hakuwa na habari.

Sasa kivumishi. Katika "weird sisters" neno linakaa mbele ya nomino, na Kiingereza hakina kiunganishi cha lazima cha kumwambia msikilizaji kwamba ni dada *wa* kitu. Kiswahili kingelazimika kusema dada wa majaaliwa, na siri ingekuwa wazi. Kiingereza kiliacha mwanya. Watazamaji waliokwisha kulisahau neno wakawatazama hao dada: wanawake wenye ndevu, wanatokea nyikani na kuyeyuka hewani, wanapika vyura chunguni. Wakahitimisha kwamba weird lazima ni "wa namna hiyo". Maana mpya haikutoka katika maana ya zamani kwa kuchakaa polepole. Ilitoka jukwaani, kwa watu waliokisia.

Washairi wa karne ya 19 wakaichukua tafsiri hiyo ya kukisia na kuitumia kwa nguvu. Shelley, katika shairi la Alastor lililotoka 1816, anasema usiku hutoa sauti ya weird kutokana na ukimya wake wenyewe. Keats mwaka 1820, katika Lamia, ana mtu anayeloweka nywele katika dawa za weird ili uzuri wake usionekane, na bado anataka litamkwe kwa silabi mbili, kama walivyolitamka jukwaani. Katika mifano yote miwili bado kuna harufu ya uchawi. Baadaye nayo ikaisha. Jarida la hadithi za kutisha Weird Tales lilianza Chicago mwaka 1923 likiwa na mizimu ndani, lakini kufikia Julai 2024, gavana wa Minnesota, Tim Walz, alipowaita wapinzani wake wa kisiasa "weird" kwenye televisheni, hakuwatuhumu kwa kurogana. Alimaanisha watu ambao usingependa kukaa nao meza moja.

Kuna mwenzake aliyepita njia hiihii, fey. Katika Beowulf tunaambiwa wyrd mara nyingi humnusuru mtu ambaye siku yake haijafika, ikiwa moyo wake ni imara. Huyo ambaye siku yake imefika huitwa fæge. Kusini lilikufa, Uskoti likabaki, likarudi kwa vitabu, na leo fey ni mtu mwenye wepesi wa kijini, aliye kama hayupo. Kijerumani kilikwenda njia yake, feige kwao ni mwoga. Marehemu mtarajiwa mmoja kazaa jini na mwoga.

Nasi tusijione tumesalimika. Tunalo la kwetu, ajali. Lilikuja kutoka Kiarabu likiwa na maana ya muda uliowekwa, siku ya mtu ya kufa. Kamusi za zamani za Kiswahili zinatoa majaaliwa na kifo kama maana zake, na wazee bado husema ajali haina kinga wakimaanisha hilo hasa. Lakini mwambie kijana leo kwamba fulani amepata ajali, swali litakalofuata ni basi gani.

Mchezo wa Macbeth tunao kwa Kiswahili tangu 1968, Makbeth, kwa mkono wa S. S. Mushi. Mtu akiamua leo kuutafsiri upya ana kazi pevu na wale dada watatu. Akiandika "dada wa ajabu" atakuwa ametafsiri walichokisia watazamaji. Akiandika "dada wa majaaliwa" atakuwa sahihi, ila majaaliwa kwetu ni neno la heri, la "tukijaaliwa". Lililo sawasawa na weird, kwa umri, kwa uzito na kwa yaliyolipata, ni ajali. Dada wa Ajali. Na msomaji atawaona papo hapo, watatu, wamesimama kando ya lori lililolala ubavu kwenye mteremko wa Kitonga, wakitandaza matawi ya miti barabarani kuwaonya madereva.